Ngazi Hana Mdundo

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani, kutoka kwa wote waliomo ndani na kwa wengine wawili walioko kibarazani wakichungulia dirishani kuona kama kweli naandika. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji mzima, na wapwa zangu wameshaelewana nani alale kitanda cha juu. Goti lako nalisalimia peke yake, maana siku hizi hapa mtaani linaulizwa hali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu.

Sisi hatujambo. Presha ya baba imetulia, ingawa bado anaficha chumvi nyuma ya kopo la majani ya chai akidhani mama hajui. Mama ana nguvu kutushinda sote. Mimi nina mafua, na mafua hayastahili aya nzima.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye huwa anakutumia ujumbe wa maneno manne. Simu ningepiga, lakini kwenye simu wewe hukatiza, na nyumbani kwetu kila simu yako ina wasikilizaji: baba husimama nyuma ya mlango akijifanya anakagua bawaba. Haya ninayotaka kukuambia yanahitaji kusemwa yote kwa mpangilio, bila mtu kunikata.

Kwa kifupi, nimetumwa. Wiki iliyopita ulimwambia baba kwamba daktari ameliruhusu goti lako, na kwamba jioni unacheza mpira wa wavu na wauguzi wa huko kwenu. Baba akamwambia kinyozi. Ukimwambia kinyozi umeliambia soko zima. Kesho yake, kabla sijamaliza chai, kinyozi alikuwa mlangoni na Mama Mayai nyuma yake, wote wamevaa jezi za timu juu ya nguo za kazi, kama watu wanaokwenda kuposa. Na kweli walikuja kuposa. Kinyozi alisema kwa niaba ya mashabiki, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wao, na Mama Mayai alisema kwa niaba ya koo lake, kwamba timu iliyoingia fainali inaruhusiwa kuongeza mchezaji mmoja mradi mwingine atoke; kwamba fainali itachezwa kwenye ukumbi wetu wenyewe; na kwamba mimi, kwa kuwa ni kaka yako na ninakula kwa kuandika, nikuandikie kukuomba urudi ucheze. Kinyozi alitaka iwe barua ya kuliza. Nikamwambia mimi huandika matokeo. Akasema basi niandike matokeo yanayoliza.

Nakuandikia basi, lakini nitaandika ninavyoandika kazini: niliyoyaona kwanza, maoni mwishoni. Na yale unayoyajua utanivumilia, kwa sababu mengine yamebadilika tangu uondoke.

Ulipoumia, na halafu shemeji akahamishwa kikazi, ukaondoka hapa ukiegemea gongo, hakuna aliyekulaumu. Ulikuwa umewainulia wapigaji wa timu hii mipira tangu ulipokuwa msichana wa shule. Walikuita Pamba kwa sababu mpira ukitoka vidoleni mwako haukutoa sauti. Ulitufikisha fainali mara mbili, mara mbili tukashindwa, na mara zote mbili watu walitoka ukumbini wakiimba jina lako. Mwenzangu mmoja kutoka gazeti la mji wa washindi aliniuliza ni timu ipi hasa imechukua kombe. Sisi hatujawahi kulichukua. Kabati ambalo baba alilitengeneza kwa ajili yake bado liko pale kwenye lango la ukumbi, na mlinzi hutunzia mwavuli wake humo.

Nafasi yako kocha alimpa msichana aliyemtoa timu ya chuo. Siku ya kwanza aliinama ili apite mlango wa ukumbi, na Mama Mayai, ambaye alikuwa amekaa pale pale kwake mstari wa mbele, alisema kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha kubadilishia nguo kwamba jamani wametuletea ngazi, mbona hawakuleta na rangi tukapaka dari. Tangu siku hiyo ni Ngazi. Hata mwamuzi mmoja nimemsikia akimwita hivyo kwa bahati mbaya.

Sasa ngoma za baba unazijua kuliko mimi. Kila mchezaji wetu akienda kwenye mstari kuanzisha mpira, baba humpigia mdundo wake yeye peke yake, na ukumbi mzima humjibu kwa makofi. Baba hakai akaubuni tu. Huenda mazoezini, hukaa kwenye benchi la nyuma na kofia yake gotini, humtazama mtu anavyotembea, anavyovuta pumzi, anavyourusha mpira juu, na siku moja hurudi nyumbani na mdundo. Wako ulikuwa mapigo mawili mazito, kimya kidogo, halafu matatu mepesi, kwa sababu ulikuwa na hatua mbili fupi na mkono mwepesi. Mchezaji ambaye baba hajampa mdundo, kwa watu wetu, bado hajafika. Yupo uwanjani lakini hajafika.

Ngazi hakupewa. Tena ikawa mbaya kuliko kutopewa. Mechi yake ya kwanza hapa nyumbani, alipochukua mpira na kurudi nyuma ya mstari, baba alipiga mdundo wako. Aliniambia baadaye kwamba mikono ilikwenda yenyewe. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, kwa mapenzi ya kweli, ukikushangilia wewe ambaye wakati huo ulikuwa umelala hospitalini na mguu juu ya mito. Yule binti huja na hatua ndefu kutoka mbali. Ngoma ya hatua fupi ikamkuta katikati ya safari, miguu ikagombana, na mpira akaupiga kwenye kisogo cha nahodha wetu mwenyewe. Tulipoteza seti ile na mechi ile. Mashabiki wa wageni, walipokuwa wanatoka, waliwashukuru wa kwetu kwa msaada.

Kocha alimfuata baba kwenye karakana yake ya useremala akamwomba, kwa heshima zote, asirudie tena. Baba akasema sawa, mdundo wa Pamba hataupiga tena mpaka Pamba mwenyewe arudi. Ila hakusema atapiga nini badala yake, na jibu likawa kwamba hapigi kitu. Baba asipopiga hakuna anayethubutu kupiga makofi. Kwa hiyo msimu wote, Ngazi akienda kuanzisha mpira, ukumbi wetu unakuwa kama chumba cha mtihani. Unasikia taa zinavyovuma. Bibi mmoja aliyekuja na timu ya wageni aliniinamia akaniuliza kwa upole kama kuna msiba.

Nikupe na upande wa pili, kwa sababu usiposikia kwangu hutausikia kwa kinyozi. Katika kimya hicho tumeshinda. Tumemaliza ligi tukiwa wa kwanza. Mpira wa Ngazi si kama wako. Wako ulipanda juu ukakaa kidogo kama unaomba ruhusa, mpigaji akaufuata. Wake unakwenda chini na haraka, na mpigaji asipokuwa tayari hewani, umempita. Mwanzoni wapigaji wetu walinung'unika kwamba wanatupiwa mawe. Sasa wamezoea, na timu pinzani hazijui zimzuie nani. Nimewatazama ninyi wawili kwa macho yale yale, kutoka kiti kile kile. Mikono yako ni mizuri kuliko yake. Timu inakwenda kasi zaidi naye.

Mjadala uko kwa kinyozi kila siku. Nimekaa pale nikausikiliza mwanzo mwisho, hadi nikanyolewa nywele ambazo hazijaota. Mama Mayai ndiye kiongozi wa wanaotaka urudi. Anasema kombe ni bati, kazi yake ni kufutwa vumbi, lakini Pamba ndiye aliyembebea trei za mayai hadi sokoni kipindi mumewe alipolazwa, na goti lenyewe lilikuwa limeshaanza kuuma. Anasema heri ashindwe na Pamba kuliko ashinde na ngazi. Anayempinga ni yule dereva mstaafu wa lori, ambaye unamkumbuka kwa sababu aliandika PAMBA nyuma ya lori lake lililokuwa likibeba saruji. Dereva anasema kukupenda anakupenda, asiulizwe habari hizo, lakini ameishabikia timu hii tangu ana nywele, na hana hata kitu kimoja cha kuwaonyesha wajukuu. Mapenzi, anasema, hayawekwi kabatini. Yeye anataka kombe kwanza, halafu atakuja kwako kukuomba radhi kwa magoti. Mama Mayai akamjibu kwamba ndivyo alivyokuwa akiendesha hata lori, anagonga kwanza, pole baadaye. Dereva akasema amewahi kumgonga kuku mmoja tu, na kuku mwenyewe alikuwa wa Mama Mayai. Hapo ilibidi kinyozi azime redio na kuwatenganisha.

Kinyozi mwenyewe anataka yote mawili: Pamba arudi na kombe lije. Nilimuuliza basi nani atoke ili uingie. Akaanza kunoa wembe ambao ni wa kutupa.

Nilimfuata kocha nikamuuliza swali lile lile. Hakuzunguka. Alisema wengine wote anawahitaji. Ukiingia wewe, anayetoka ni Ngazi. Na alisema hajui lipi zito. Akiwa na Ngazi ana timu inayokimbia na ukumbi bubu. Akiwa na wewe ana timu inayokwenda polepole na ukumbi unaoweza kuibeba mgongoni. Ameona fainali zikiamuliwa na kelele, hatanidanganya. Kwa hiyo amekuachia wewe useme, na mwisho wa kusema ni Ijumaa ijayo.

Sasa nakuja nyumbani kwetu, na hapa naomba ukae chini.

Jumamosi nilipita kwa mama kuchukua koti langu. Jikoni nikamkuta Ngazi amekaa kwenye kile kiti kifupi, magoti yake yako usawa wa kidevu, na mama amejaza pini mdomoni anashona lastiki kwenye vikinga goti. Vikinga vyenyewe nilivitambua. Ni vyako, vile vya buluu vilivyofifia. Mama hakuona haya hata kidogo. Alisema kwa meno yaliyobana pini kwamba vitu haviwekwi kwa ajili ya panya. Nikaja kujua kwamba yule binti amekuwa akija tangu katikati ya msimu. Chumba alichopanga, mwenye nyumba hufunga jiko mapema, na mama alipolisikia hilo sokoni hakuhitaji kusikia la pili. Huja baba akiwa karakana na huondoka kabla baba hajarudi, kama fundi wa simu.

Nilimuuliza Ngazi kama amesikia habari za kukuita wewe. Alisema amezisikia kwenye banda la mayai, wakati ananunua mayai. Hakulia wala hakujilegeza. Alisema ukija atakupisha na atabaki kubeba maji, timu ni timu, ila angependa aambiwe usoni na mtu, si kurudishiwa habari pamoja na chenji. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile. Alisema hajawahi kuomba apendwe kama Pamba, kwa sababu mapenzi yale si ya kuomba. Anachoomba ni mtu yeyote afanye kelele yoyote anapokwenda kwenye mstari, maana kile kimya humpoza mikono. Mama aliukata uzi kwa meno, akamvalisha kile kikinga yeye mwenyewe kama anamvalisha mtoto. Alipoondoka mama akaniambia haya nisikuandikie. Unaona ninavyotii.

Huyo ni mama. Bado baba.

Njia yangu ya kwenda ofisini hupita nyuma ya karakana. Kwa muda sasa, kila mchana, nilikuwa namsikia baba akigonga misumari. Nikaingia siku moja nikamkuta anatengeneza stuli. Siku nyingine nikaingia, stuli ile ile. Nikaiinua, nikaona ina misumari mingi kuliko mbao. Na ule ugongaji, nilipoutegea sikio, ulikuwa na utaratibu: pigo moja zito, kimya kirefu, halafu mengi ya haraka haraka kama mtu anayekimbia, kisha kimya tena, na moja la mwisho. Baba akanitazama juu ya miwani akasema mti huu ni mbishi. Nikasema naona.

Kisha ikaja nusu fainali. Seti ya tano, pointi sawa kwa sawa, na zamu ya kuanzisha ikamwangukia Ngazi. Ukumbi ukanyamaza kama kawaida. Baba alikuwa na ngoma katikati ya miguu na vijiti sakafuni. Meza yetu ya waandishi imetazamana naye, na mimi hulipwa kutazama mahali ambapo wengine hawatazami. Kofia ya baba ilikuwa gotini na mkono wake ulikuwa ndani ya kofia. Kofia ikatikisika. Pigo moja zito, kimya kirefu wakati yule binti anaurusha mpira, mengi ya haraka anapokimbia, kimya akiwa hewani, na moja pale kiganja kilipokutana na mpira. Alikuwa akimpigia mdundo wake, mdogo wangu, ndani ya kofia, mahali ambapo hakuna wa kuusikia. Ngazi alianzisha, akaanzisha tena, na tena, wapinzani hawakuurudisha hata mmoja, na mechi ikaishia mikononi mwake. Baba akaivaa kofia, akawaambia waliokuwa karibu kwamba hawa wageni walikuja wamechoka.

Kesho yake nilimfuata, nikamuuliza ninavyowauliza watu kazini, bila kupapasa: tangu lini. Alipiga randa kwa muda mrefu kwenye ubao ambao ulikuwa umeshalainika. Kisha akasema mdundo ule ulimjia wenyewe mara ya tatu alipomtazama mazoezini, kama ulivyomjia wako, na amejaribu kuufukuza haufukuziki. Akaniuliza ni baba wa namna gani anayempigia ngoma mtoto wa watu huku wa kwake amelala na mguu juu. Akasema akiupiga mara moja tu ndani ya ukumbi ule, utasikia hata huko uliko, na utajua kwamba amekufunikia kifuniko, zamu yako imekwisha. Ndiyo maana ulipomwambia habari za goti alikwenda kwa kinyozi mbio hata kandambili moja akaisahau. Ukirudi, hatalazimika kuchagua.

Kwa hiyo usidanganyike na mtu. Mama Mayai anataka urudi kwa sababu anakupenda, na kinyozi kwa sababu hajawahi kukataa kitu chochote kile. Baba hataki urudi ili tushinde. Anataka urudi ili asiwe na kosa.

Limebaki moja, na hili hakuna anayelijua isipokuwa mpiga picha wetu, ambaye hukaa kiti cha pembeni yangu.

Unajua nimekaa kwenye meza ile miaka mingapi na nimewafundisha vijana wangapi kwamba mwandishi hashangilii. Nimemwondoa mmoja mezani kwa kupiga mluzi tu. Fainali zako mbili nilizikalia mikono, na siku ulipoanguka na goti lile niliandika dakika, seti na jina la aliyekugonga, nikapeleka habari, ndipo nikaja hospitalini. Hukulijua hilo la kupeleka kwanza, sasa unalijua. Basi siku ile ya nusu fainali, mpira wa mwisho wa Ngazi ulipogusa sakafu, nilisimama nikapiga makofi. Nilisimama kabisa, kiti kikaanguka. Mpiga picha akashusha kamera akaniuliza kama homa imenipanda kichwani. Nikamwambia ni mbu. Akasema lazima ni mbu mkubwa, anayehitaji mikono yote miwili na kusimama.

Ningekuambia nilifurahia ushindi, lakini tumeshawahi kushinda nikiwa nimekaa. Nilimpigia yeye, kwa jinsi alivyoupiga mpira ule katikati ya kimya tulichomfanyia. Na sitasema nilijisahau, kwa sababu kabla viganja havijakutana nilikukumbuka wewe, nikakuona kabisa, vikakutana hivyo hivyo. Kwa hiyo katika nyumba uliyozaliwa, mama amekwisha kutoa vikinga vyako, baba ametoa mdundo, na mimi nimetoa mikono, kila mmoja akimficha mwenzake, na wote tunakuogopa wewe.

Nilisema maoni yatakuja mwishoni. Haya ndiyo. Usije kucheza. Goti lililopona kwa kucheza na wauguzi jioni halijajaribiwa kwenye seti ya tano, na wapigaji wetu sasa huruka mapema. Watakuwa wameshafika juu na kuanza kushuka kabla mpira wako haujawafikia. Wewe unayajua haya kuliko mimi. Nashuku uliyajua hata ulipokuwa unamwambia baba kwamba goti limepona. Nadhani ulitaka afurahi, basi. Hukutarajia kuposwa. Kama nimekosea na unaitaka nafasi yako, niandikie mstari mmoja, nitaupeleka kwa kocha kwa mkono wangu, nitakwenda kumwambia Ngazi usoni mimi mwenyewe, na siku ya fainali nitakupigia makofi na wewe, maana mikono imeshaharibika tabia.

Lakini uje usije, lipo jambo ambalo ni wewe tu unayeweza kulifanya. Mpigie baba simu. Usimwambie habari za vikinga, wala za kofia, wala zangu. Muulize tu yule mrefu mdundo wake unakwendaje. Atasema hana mdundo. Mwambie haiwezekani mtu awafikishe fainali hana mdundo, na kwamba unaona aibu kwa niaba ya ukumbi. Atasema ngoma iko mbali. Mwambie agonge hata mezani, wewe unasikiliza. Kisha umsikilize mpaka mwisho, na akimaliza umwambie ni mzuri, kama ni mzuri. Ukiona una kasoro mwambie pia. Wewe ni mchezaji, ataupokea kwako.

Kinyozi amegonga dirisha mara mbili wakati naandika, akitaka kujua kama nimefika sehemu ya kuliza. Nitamwambia nimekuandikia yote, na hatakuwa na la kuuliza.

Mama anakusalimu na anasema uache kubeba ndoo kwa mkono mmoja. Baba anakusalimu, hajui nimeandika nini. Msalimie shemeji, mwambie drili yake aliyoisahau iko karakana na imeshapata uraia. Wapwa zangu waambie mjomba anawapenda. Sisi tutakuwa ukumbini Jumapili ya fainali saa kumi, mimi mezani kwangu na baba mahali pake, na kiti cha pembeni ya baba Mama Mayai amekiwekea trei tupu ili asikae mtu.

Nakutakia afya, wewe na wote walio nawe.

Ni mimi kaka yako,
wa ukurasa wa mwisho wa gazeti